Kila Kitu Kama Nilivyokikuta

Mdogo wangu alipopata kazi ya kukagua matangi ya maji, barua ya ajira ilikuwa na sharti moja: ndani ya wiki tano awe na pikipiki yake mwenyewe, ya kupandia milima, yenye tairi za meno. Mtaani wanamwita Kiroboto kwa sababu tangu utotoni hajawahi kumaliza chakula akiwa amekaa. Aliileta barua karakanani kwangu, ambako nakereza vyuma, akaitupa juu ya mashine iliyokuwa ikizunguka. Niliizima kabla karatasi haijanaswa.

"Kaka, nimeshaipata," alisema. "Nyekundu. Inawaka kwa teke moja. Dalali anasema nikilala inaondoka."

"Dalali anasema."

"Basi twende ukaione kwa macho yako."

Tulikwenda. Ilikuwa imetumika miaka sita, ila fremu ilikuwa na rangi mpya kabisa. Injini ilinguruma vizuri. Nilimwomba dalali aniruhusu nivue tangi na kufungua kichwa cha silinda.

"Bosi, na siku unaoa ulimpasua bibi harusi kwanza?"

Kiroboto alicheka hadi akashika ukuta. Mimi sikucheka. Rangi mpya hupakwa ili kupendeza au ili kuficha, na aliyenikataza kutazama chini yake alikuwa amenisaidia kuamua.

Pikipiki ya pili ilikuwa kwa mjane mmoja, fundi cherehani, mitaa miwili kutoka kwetu. Ilikuwa ya muundo uleule, imefunikwa turubai kwenye ujia wa nyumba yake. Miaka minne iliyopita ilianguka na mumewe kwenye kona ya mlimani, akafa palepale. Usukani ulikuwa umepinda, shokapu ya mbele kushoto imekunjika, pistoni imeganda ndani ya silinda. Mjane alitaka iondoke tu.

"Walisema alikimbiza," alieleza bila kuacha kukanyaga cherehani. "Alikuwa mtu wa pole, lakini ndivyo walivyosema. Mwenye shamba la juu hakuona, alisikia. Anasema ilipofika kwenye kona ililia kama cherehani iliyochomolewa kitambaa. Halafu kimya."

Nilimuuliza kama ana ufunguo wa akiba.

Kiroboto aliitaka nyekundu. Nilimweleza kwamba pikipiki inayotembea huijui mpaka ikuharibikie, lakini hii mbovu tungeifungua yote, na kila kipande kingepita mikononi mwangu. Alikubali kwa sababu mimi ndiye mkubwa na karakana ni yangu. Uamuzi ulikuwa wangu, na ni vizuri jambo hilo lieleweke mapema.

Mkewe hakukubali. Alikuja karakanani na mwiko mkononi, alivyotoka jikoni.

"Shemeji, mnaniletea nyumbani pikipiki iliyoua mtu?"

"Chuma hakina nia, shemeji. Kina vipimo."

"Haya, bwana vipimo. Lakini mume ni wangu."

Nilifanya kazi majuma manne. Utaratibu wangu ni uleule ninaoutumia kwa mashine za watu: kabla ya kufungua kitu nakichora kilivyo, nakifunga kibati chenye namba, nakipima, nakiandika. Kikiwa kizima kinarudi mahali nilipokikuta. Kikiwa kibovu, kipya kinakaa mahali palepale. Vipande vilikuwa mia moja themanini na sita. Silinda niliikereza upya, pistoni nikaibadilisha, shokapu na usukani nikanunua vingine. Kebo ya mafuta, ule waya ambao mkono wa kulia unauvuta ili kufungua kabureta, ilikuwa imeanza kukatika nyuzi. Nilikata mpya kwa urefu uleule, nikaipitisha njia ileile: kushoto kwa shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, kisha chini ya tangi. Nilipomaliza sikubaki na hata nati moja mezani. Nilijivunia hilo.

Kiroboto aliijaribu mtaani, kisha kwenye uwanja wa mpira. Alirudi meno yote nje.

"Kaka, hii ina hasira! Ukikata kona yenyewe inakusukuma."

Pistoni mpya, nilifikiri. Kwenye daftari niliandika: nguvu nzuri.

Wiki ya kwanza alipangiwa matangi ya bondeni, ambako barabara zimenyooka. Kila jioni nilikagua bolti zote. Hakuna hata moja iliyolegea. Jumatatu ya pili alipangiwa tangi la juu, na barabara ya huko ina kona kumi na moja, zote za kurudi ulikotoka. Aliondoka saa moja asubuhi akipita kwanza ofisini kuchukua dawa ya maji.

Saa tatu yule dalali aliingia karakanani akiisukuma pikipiki nyekundu. Mteja alikuwa ameirudisha kwa sababu ya kelele kwenye gurudumu la nyuma, naye alitaka nimchongee bushi, kile kipete cha chuma kinachokaa kwenye ekseli.

"Bosi, leo ipasue unavyotaka," alisema. "Bibi harusi amekubali."

Nilimwambia aiwashe niisikie. Aliwasha, akauzungusha usukani hadi mwisho upande wa kushoto ili aiegemeze ukutani. Injini iliendelea kunguruma kwa sauti ileile, chini, bila kupanda wala kushuka.

Sikujua kwa nini nilitazama. Nadhani ni mazoea ya kufuata kitu kwa jicho kutoka mwanzo hadi mwisho. Kebo ya mafuta ilitoka kwenye mkono wa kulia, ikapinda mbele kwa ulegevu, ikapita kulia kwa shingo ya fremu. Kulia. Pikipiki ya muundo uleule.

Nilifungua daftari, ukurasa wa kumi na nne. Mchoro ulikuwa safi. Kebo ilipita kushoto. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameipitisha vibaya, nami nilikuwa nimeuchora ubaya wake kwa penseli iliyochongwa vizuri, nikaupima na kuurudisha kwa usahihi wa nusu milimita.

Nilichukua kamba nikaizungusha kwenye shingo ya ile nyekundu kufuata njia ya mchoro wangu, nikageuza usukani kushoto. Kwa kona ndogo kamba ilikaza kidogo. Usukani ulipofika mwisho ilinivuta kidole. Kebo iliyokaza hivyo hufungua mafuta yenyewe, na dereva akiachia mkono haifungi.

Ndipo nilipoelewa mwenye shamba alisikia nini.

Nilipiga simu ya Kiroboto. Iliita hadi ikakata. Nikapiga tena. Akiwa barabarani huiweka mfuko wa kifuani, ndani ya koti, na hapokei, tena mimi ndiye niliyemkataza kupokea.

"Nipe hiyo pikipiki," nilimwambia dalali.

"Bosi, gurudumu lake..."

"Nipe. Na wewe tafuta gari la mizigo unifuate tangi la juu."

Alinitazama usoni, akanipa ufunguo bila utani.

Nilipanda na gurudumu la nyuma likisaga. Kona ya kwanza kulikuwa na alama za tairi zake, katikati ya njia. Ya pili, zilikuwa zimesogea ukingoni. Ya nne, ya kushoto, tairi ya nyuma ilikuwa imeburuta mkwaruzo mrefu, kisha ikarudi njiani. Alikuwa ameponea hapo, na hakusimama. Pengine alicheka.

Nilipokaribia kona ya sita niliisikia kabla sijaona chochote. Injini ilikuwa ikilia peke yake bondeni, juu kabisa ya uwezo wake, sauti nyembamba isiyo na mzigo.

Ilikuwa imelala ubavu kwenye magugu, usukani umegeukia kushoto hadi mwisho. Nilizima ufunguo. Katika ule ukimya nilisikia akihema. Alikuwa hatua kama kumi na tano chini yangu, ameegemea jiwe, na wayo wa mguu wake wa kulia ulitazama upande ambao wayo hautazami.

"Niliachia mafuta, kaka," alisema. "Kweli tupu, mkono niliutoa kabisa."

"Najua."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Kebo. Usijitikise."

Nilivua shati nikaufunga mguu na kipande cha ubao kama nilivyoweza. Meno yalimgongana. Nilipokuwa nakaza fundo, simu ililia kifuani mwake. Niliitoa. Alikuwa mkewe. Niliona niipokee.

"Shemeji, kwa nini wewe?" aliuliza. Kisha akanikata kabla sijajibu. "Usiniambie lolote. Niambie tu kama anapumua."

"Anapumua. Mguu umevunjika."

"Mpe simu."

Nilimshikilia simu sikioni. Kiroboto alinitazama muda wote alipokuwa akiongea na mkewe.

"Mama watoto, tulia. Ni mimi tu... Nilikimbiza. Unanijua mumeo nilivyo. Hapana, pikipiki haina neno. Nilikimbiza tu."

Alitikisa kichwa kwangu polepole, mara mbili, ili niache iwe hivyo. Kutoka pale nilipochuchumaa niliweza kuiona pikipiki juu yetu, na nilipoizima nilikuwa nimeshahesabu kwa pedali gia aliyokuwa nayo.

Niliiondoa simu sikioni mwake nikaiweka kwangu.

"Hakukimbiza," nilisema. "Alikuwa gia ya pili. Kebo niliipitisha mimi."