Chumvi ya Tunda

Mimi Anne sina tabia ya kuficha kitu. Muntu akinikosea asubuhi, saa sita mutaa muzima wa Alunguli umeshasikia. Lakini kuna neno moja nililifungia tumboni miaka zaidi ya makumi mbili, na neno lenyewe lilikuwa la sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Ilikuwa mwaka wa vita, elfu mbili na mbili. Mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa pande zote. Treni haiji, barabara ya Kibombo haipitiki, kinga, baiskeli za wafanyabiashara, zimeegemezwa ukutani na matairi yamelala. Majani ya muhogo tulikuwa nayo, na mawese kidogo yalipatikana. Chumvi njo hakuna. Wamama walichoma majani ya mutoni, wakachemsha majivu yake, wakapata kitu cha kijivu kinachokata ulimi, na hicho pia watu walikigombania.

Njo wakati huo Ismaël alinioa. Mimi mukristo wa kijiji cha Tunda, yeye mutoto wa waislamu wa Kindu, na dada yake Salama alikuwa ameshamuchagulia musichana mwingine. Kwao kuna desturi: siku ya saba bibi harusi anapika peke yake, na mama mukwe anaonja mbele ya watu. Akimeza, unapewa mafiga yako matatu, umekuwa muntu wa nyumba. Akitema, unarudishwa kwenu siku ileile, mpaka wakubwa wa pande mbili wakae na kuongea.

Asubuhi ya siku hiyo Ismaël, aliyekuwa anashusha mizigo uwanja wa ndege, alirudi na kichupa kinene cha kahawia. Muzungu mumoja wa Umoja wa Mataifa alikuwa anarudi kwao, akamuachia. Ndani kulikuwa kitu cheusi, kizito kama grisi ya kinga. Ismaël alinieleza kwamba kwa yule muzungu wanakipakaa kwenye mukate. Nilitia kidole, nikalamba, nikatema palepale, nikamuuliza kama ameshachoka kuoa. Yeye akalamba, akafumba macho, akalamba tena. Mpaka leo hatujapatana juu ya jambo hilo. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshika kitu kimoja: chumvi, tena chumvi kwelikweli.

Nikatia vijiko viwili ndani ya sombe.

Mama Sofia, mama mukwe wangu, alikaa kwenye mukeka. Salama alikaa mulangoni. Mama Sofia akakata tonge, akachovya, akatafuna polepole, akameza. Akamaliza sahani, akaomba ya pili. Halafu akaniuliza nimetia nini, na mimi, sijui uongo ulitoka wapi, nikajibu ni chumvi ya kwetu Tunda, bibi yangu alinifundisha kuitengeneza kwa majani. Akaitikia kwa kichwa, akamutuma Salama akalete mafiga.

Tangu siku ile akaniita mutoto wake. Na chumvi ya Tunda akaitangaza kila pahali, sokoni, kwenye ndoa, hata kwenye matanga. Vita ikaisha, chumvi ya dukani ikarudi, Ismaël akamaliza kichupa kwa mihogo ya kuchemsha, huku anajilamba vidole. Wamama wakiniomba siri, niliwaambia majani yale hayaoti huku. Nilizoea.

Basi mwaka huu mutoto wetu Assani akasema anamuoa Falone. Tulipokaa kupanga harusi, Salama akasimama mbele ya familia nzima akasema siku ya saba ni lazima nimukabizi Falone chumvi ya Tunda, isije ikapotea na mimi. Wote wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Ungefanya nini?

Assani alikuwa anakwenda Goma kununua vitu vya harusi. Nikamuambia yote, nikamuomba aulizie kile kichupa duka kwa duka. Alikipata. Baba yake alikipokea kwa mikono miwili, kama ndugu aliyerudi safari. Lakini Assani alikuwa amesoma karatasi iliyobandikwa, na telefone yake ikamutafsiria. Akanivuta pembeni akaniambia kitu kile kinatengenezwa na hamira inayobaki watu wakishapika bia.

Bia! Mama Sofia, ambaye akiona kibanda cha pombe anavuka barabara! Uongo wa majani niliweza kuubeba, lakini huu wa pili ulinishinda. Na nilijua akisikia atajiuliza: kama sahani ile ilikuwa uongo, huyu Anne niliyemuita mutoto wangu ni nani? Niliogopa kumupoteza. Mama aliyenizaa alikufa zamani, sina mwingine.

Harusi ikapita. Siku ya saba asubuhi, nikaingia chumbani kwa Mama Sofia na kichupa nimekifunga ndani ya kikwembe. Nilisema yote bila kupumua, muzungu, vijiko viwili, bibi yangu wa uongo, na mwisho bia. Kisha nikangoja anifukuze.

Alifungua kichupa, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Njo hii?"

"Njo hiyo, Mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia katika maisha yake hajala kitu kibaya namna ile. Kilikuwa na ladha ya dawa ya minyoo. Yeye alifikiri sisi wa Tunda njo tunakula hivyo, akatuonea huruma. Miaka yote hii, kila nikiinjika chungu alikuwa anamuomba Mungu nisiirudie. Na habari ya bia, akasema, hakuijua yeye wala mimi, na Mungu anasoma mioyo bila kuvaa lineti machoni.

Hasira ikanipanda, mimi njo nilivyo. Nikamuuliza kwa nini basi alikula, tena kwa nini alinitangaza Kindu nzima nikahangaika na uongo mpaka nywele zikaota mvi.

Akaacha kucheka.

"Salama alikuwa mulangoni, anangoja niteme. Ningetema, ungerudishwa kwenu. Na barabara ya Tunda siku zile, Anne, nani alikuwa anafika? Sahani ya kwanza niliila kwa shida. Ya pili niliiomba, na chumvi yako nikaitangaza, ili asibaki muntu wa kusema neno."

Mimi Anne! Niliweka kichwa kwenye magoti yake nikalia, naye alinipigapiga mugongo akinikataza kumulowanishia kikwembe kipya.

Salama akachungulia. Akasema watu wamejaa, Falone yuko jikoni anatetemeka, chumvi ya Tunda iko wapi? Mama Sofia akasukuma kichupa chini ya kitanda kwa muguu.

"Imekwisha," akasema. "Mupeni Falone ya sokoni. Na chochote atakachopika leo, mimi nitakula."