Jina la Mwisho Chini ya Picha

Pale matbaani walimwita Spika, kwa utani tu, maana sauti yake haikuweza kumfukuza hata nzi. Shule aliiachia darasa la tano. Kupanga kurasa kwenye kompyuta alifundishwa na shangazi yake, mwenye matbaa, na kiti alichopewa kilikuwa cha fundi aliyefariki mwaka uliopita. Kila Spika alipoinuka, kiti kililia taratibu, kama kuna mwingine anakikalia.

Ijumaa kitabu kilitakiwa kiingie mashineni: majina ya waliokufa kwenye moto wa kiwanda cha magodoro, toleo la pili. Dada yake Spika alikuwemo, ukurasa wa arobaini, mstari wa mwisho, na tanbihi ndogo kwamba aliwatoa wenzake watatu kabla paa halijaanguka. Mama yao alikwisha kushona kitambaa cha kukifungia kitabu.

Jina lile likapotea. Alikuwa ameliandika, analiona kwenye kioo cha kompyuta. Akitoa kurasa kwenye karatasi, mstari wa mwisho ni mweupe. Akaliandika upya. Likapotea tena.

"Huyo ni marehemu fundi," alisema mpiga chapa, akijifuta wino. "Mkewe naye aliungua mle. Toleo la kwanza jina lake halikutoka. Sasa anachukua ya wenzake."

"Hebu koma!" shangazi alimkaripia, ila kiti hakukitazama. "Mtoto wa kaka yangu, weka jina la uongo chini yake. Limezwe hilo, tufanye kazi."

Spika aliweka. Jina la uongo likatokea juu ya ukurasa wa arobaini na moja, limetulia. La dada halikuwepo. Akalifuta lile la uongo.

Basi akajikaza, akawaandikia waliotengeneza programu: "Programu yenu inakula watu. Naomba iache."

Kesho yake, Jumatano, jibu likaja. "Pole sana. Tueleze ulifanya nini, ulitegemea kuona nini, na uliona nini. Kisha tutumie faili dogo kabisa ambalo bado linaonyesha kosa. Punguza, jaribu. Punguza tena, jaribu."

Alinakili faili, akaanza kufuta, akiacha nafasi tupu palipokuwa na majina. Nusu ya majina yakaenda. Dada hayupo. Nusu ya yaliyobaki. Hayupo. Kila alipofuta, midomo yake iliomba radhi bila sauti, maana ilikuwa kama anawazika mara ya pili. Akaondoa picha ya kiwanda iliyokuwa juu ya ukurasa, na dada akarudi.

Spika akajaribu tena. Akairudisha picha, dada akatoweka. Akaondoa tanbihi, dada akarudi. Akairudisha tanbihi na kusogeza jina mstari mmoja juu, akarudi pia. Alirudia mara saba, dada akija na kuondoka kama mtu anayechungulia mlangoni.

Mwishowe faili likabaki na picha moja, nafasi tupu, jina moja na tanbihi yake. Akaandika sentensi tatu tu, akataja na namba ya toleo la programu. Akatuma.

Alhamisi mchana wakajibu. "Asante, kosa tumeliona. Tunalirekebisha. Kwa sasa, mstari wenye tanbihi usiwe wa mwisho kwenye ukurasa wenye picha. Upeleke ukurasa unaofuata. Miaka mitatu iliyopita mtu mwingine alituandikia kutoka anwani yenu hii hii. Alisema tu: *Jina la mke wangu halitaki kutoka. Nisaidieni.* Tulimwomba mfano, hakujibu."

Spika aliisoma kwa sauti. Mpiga chapa akakigeukia kiti cha fundi.

"Kwa hiyo toleo hili je?" shangazi aliuliza polepole. "Mkewe yumo?"

Hayumo. Orodha ya toleo la pili walikuwa wameinakili kutoka kitabu cha kwanza kilichochapwa, na aliyekosekana mle akakosekana na huku. Spika akalifungua faili la zamani la fundi. Mkewe alikuwepo: chini ya picha, mstari wa mwisho, ana tanbihi yake.

Akampa mahali pake, mstari mmoja juu ya ule wa mwisho. Dada naye, Spika akampeleka juu ya ukurasa wa arobaini na moja. Akatoa kurasa, akazisoma kwa kidole. Wote wawili walikuwepo.

Ijumaa mashine ikanguruma tangu asubuhi. Spika alichukua karatasi moja yenye jina la mke wa fundi, wino haujakauka, akailaza juu ya kile kiti. Siku nzima akafanya kazi amesimama.