Wote Walisema ni Msiba

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Alikufa ghafla kwa moyo, amekaa kitini anavua viatu. Naandika ili niikumbuke miezi iliyofuata, maana hata sasa naiona kwa mbali.

Sikulia. Nilichoka tu. Nguo zilianza kunipwaya, na nikisimama chumba kinazunguka, nashika ukuta mpaka kitulie. Wote walisema ni msiba, nami nikakubali. Nilidhani ndivyo mtu anavyomlilia mwenzake akikosa machozi.

Wifi yangu, dada yake marehemu, alihamia kwangu nisibaki peke yangu. Ana mdomo huyo.

"Wifi, chumvi yote hiyo unakula au unakausha samaki tumboni?" aliniuliza siku moja, aliponikuta nailamba kiganjani.

"Niache."

"Nikuache vipi? Umekonda, umekuwa mweusi. Kaka yangu akirudi leo atapitiliza, atadhani amekosea nyumba."

Tulicheka. Yeye zaidi.

Ndiye aliyeniburuta kliniki. Huko nyuma nilikuwa nimeshakwenda, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa nijikaze. Safari hii tulimkuta daktari mwingine, kijana, miwani yake imeshikizwa kwa plasta. Alinipima presha nimelala, akanisimamisha, akapima tena. Ikaporomoka. Akanigeuza viganja, akatazama mistari yake, kisha akaniomba nifungue mdomo aone fizi.

"Huu weusi ulianza lini, mama? Baada ya msiba?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikakumbuka Cheche akinitania kwamba viwiko vyangu vimeanza kushindana na masizi ya karakana yake.

"Kabla," nikasema.

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza taratibu kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni ya kumpa mtu nguvu za kusimama, na kwamba zangu huenda zimeshindwa. Homoni hiyo huwa juu asubuhi, kwa hiyo nije mapema kutolewa damu. Nikija mchana, jibu linaweza kutupoteza.

"Na ikiwa ndiyo?" wifi akauliza.

"Atameza vidonge maisha yake yote. Bila hivyo, homa tu au kuharisha kunaweza kumwangusha asiinuke tena."

"Lakini daktari, huyu amefiwa."

"Najua, dada. Na anaumwa."

Njiani nilimwambia wifi sirudi. Kuchoka kule ndicho kitu pekee nilichokuwa nimempa marehemu, na sasa naambiwa ni tezi.

Wifi akasimama katikati ya watu. "Nimeshazika mmoja mwaka huu. Unataka nizoee?"

Kesho yake asubuhi alinivalisha viatu mwenyewe.

Homoni ilikuwa chini sana. Wakanichoma sindano ya kuziamsha tezi, wakatoa damu tena. Hazikuamka. Nikapewa vidonge.

Haikupita wiki nikaamka na njaa. Nilikula, nikaomba tena. Nilifua mashuka, nikayaanika bila kushika ukuta. Moyoni nilikuwa nangoja. Nilidhani ugonjwa ukiondoka, msiba utabaki peke yake, nitauona, nitalia. Sikulia. Ndani palikuwa kimya vilevile, ila sasa kimya chenye nguvu za kufua.

"Umepona wewe," wifi akasema. "Mpaka unanishinda kula. Acha niende kwangu, wanangu wanalishwa ukoko na baba yao."

"Nenda, wifi."

"Vidonge?"

"Nitameza."

"Ukipata homa?"

"Naongeza dozi, nakimbilia hospitali."

"Na mimi?"

"Nakupigia simu kwanza."

"Haya."

Nilimsindikiza hadi barabarani, mzigo wake nimeubeba mimi. Hakuuomba. Gari lilipoondoka nilirudi, nikafungua mlango, nikasimama katikati ya chumba. Nilisimama vizuri kabisa.