Mikono ya Baba na Mashine ya Baruti

Baba yangu, Arlo Tveit, hakuwahi kumnunulia mama maua. Alimtengenezea risasi. Kila mwaka, majani ya miti ya kando ya mto yalipoanza kugeuka manjano, alijifungia gereji na maganda ya shaba ya risasi zilizopigwa msimu wa uwindaji uliopita. Aliyasafisha, akayatia fataki mpya za kuwashia baruti, akapima baruti kidogo kidogo kwa mizani ndogo ya mezani, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Alipomaliza alileta boksi jikoni, akaliweka karibu na birika la kahawa. Mama, Marlys, ndiye mwindaji hodari wa nyumba yetu. Nyama nyingi ya kulungu iliyojaa friza yetu ilitoka kwenye bunduki yake, na tangu aolewe hakuwahi kwenda milimani na risasi ya dukani.

Mwaka juzi mikono ya baba ilianza kutetemeka. Daktari wa mjini Missoula alimpa vidonge na jina la ugonjwa. Vidonge alivimeza, lile jina hakulitaja tena.

Mama alianza kuona baruti sakafuni, punje nyeusi kama pilipili manga zimetapakaa chini ya benchi. Siku moja, tukiwa tunakula, akamsogezea baba simu.

"Tazama hii. Unaiandikia uzito unaotaka, unabonyeza, inamimina baruti yenyewe. Ikifika inasimama, inalia ti!"

"Hata mashine ya kukausha nguo inalia ti," baba akasema. "Siikabidhi bunduki yako."

"Mzee, hiyo mikono yako..."

"Mikono hii imepima baruti tangu wewe una kiuno chembamba."

"Na wewe una nywele. Tusianze kuhesabiana."

Wakacheka wote wawili, na habari ya mashine ikaishia hapo.

Asubuhi ya kwanza ya msimu nilikwenda kuwaaga. Mama alikuwa ameshavaa buti na koti lake la uwindaji la rangi ya chungwa, pikapu inanguruma. Baba akatoka gereji bila koti, uso umempauka.

"Marlys, nirudishie lile boksi."

"Lipi?"

"La risasi. Nirudishie tu, tafadhali."

Neno tafadhali halikuwa la baba. Mama alimpa boksi, akaniambia nizime gari, tukamfuata ndani. Baba ana kifaa cha plastiki mfano wa nyundo: unaitia risasi ndani, unagonga sakafuni, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika humo humo. Akaanza kuzibomoa risasi za mama, moja baada ya nyingine, akipima upya baruti ya kila moja. Tulisimama mlangoni. Za mwanzo zilikuwa sawa. Halafu ikaja iliyopungua. Akaiweka kando, akaendelea.

"Hii imezidi," akasema.

"Sana?" mama akauliza.

"Ya kutosha kupasua bunduki. Na shavu lako lingekuwa limelala pale pale kwenye bunduki." Alibana viganja vyote viwili juu ya benchi ili vitulie, navyo havikutulia. "Kuna baruti iliyonimwagikia, nikarudishia, nikadhani nimerudishia sawa. Leo nimeamka sina uhakika. Ningekuumiza, Marlys."

Sikuwa nimewahi kumwona baba akilia kabla ya siku hiyo. Nikageuka nikatazama matairi ya kupitia theluji yaliyotundikwa ukutani.

Mama aligeuza ndoo, akaikalia karibu naye. "Umeniita kabla sijaondoka."

"Bahati tu."

"Iite unavyotaka. Mimi hapa nimekaa, mzima, na njaa ninayo."

Mchana wa siku hiyo niliwapeleka mjini, kwenye duka la vifaa vya uwindaji. Dada mmoja mwenye nywele ndefu za kusuka alituonyesha ile mashine. Ilikuwa nyeupe, ukubwa wa mashine ya kahawa, na chupa ya kutilia baruti juu yake. Baba alivua kofia. Huyu ni mtu anayeweza kubishana na muuza duka nusu saa nzima juu ya bawaba ya mlango, lakini siku hiyo hakuuliza kitu. Mama ndiye aliyeuliza kama inaweza kukosea.

"Ukiiweka penye upepo wa hita, mama, namba zinaweza kuyumba," yule dada akasema. "Sisi huwa tunashauri mtu ahakikishe na mizani nyingine."

"Tuichukue," baba akasema.

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayepokea fimbo ya kutembelea. Mama akaisukuma mashine nyuma kidogo.

"Hapana," akasema.

"Si wewe uliyekuwa unaitaka?"

"Niliitaka kabla sijauona uso wako. Nifundishe mimi."

"Nikufundishe nini?"

"Kupima. Mikono ninayo, macho ninayo. Wewe kaa karibu yangu unikaripie."

"Huna subira wewe, bibie. Uji wa huyu mtoto ulikuwa unauunguza."

"Mara moja tu!"

"Kila siku, mama," nikasema.

Yule dada wa duka akageukia rafu ili acheke vizuri.

Kesho yake nikawakuta benchini, mlango wa gereji wazi, jua linaingia. Baba alikuwa ameondoa kila kitu mezani isipokuwa kopo moja la baruti, wasije wakachanganya.

"Unamwaga kama unatia chumvi supu," alikuwa anasema. "Punje kwa punje."

"Punje kwa punje tutafika Krismasi."

"Ngoja mshale utulie. Bado. Haya, mimina kwenye ganda. Chukua tochi, chungulia ndani. Usimwamini mtu, hata wewe mwenyewe."

Kisha baba alikuwa anavuta mkono wa mashine yake ya zamani ya chuma, ya kukandamizia vichwa vya risasi, kazi inayotaka nguvu tu, na nguvu bado alikuwa nazo. Walikuwa wameshajaza safu moja mama alipoacha ghafla.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa unafanya? Kila moja?"

"Kila moja."

"Miaka yote hii?"

"Wewe ulidhani nakuja kulala huku?"

"Ndiyo," mama akasema, machozi yakamtoka. Akainama akambusu kwenye kipaji cha uso. Mshale wa mizani ukaanza kucheza.

"Usiipumulie," baba akasema, lakini hakumsogeza.

Mama alipata kulungu wake kabla msimu haujaisha. Baba alimngojea ndani ya pikapu, kioo wazi kwenye baridi ile. Aliniambia baadaye kwamba alisikia mlio mmoja tu, akashusha pumzi, akaanza kutafuta kamba ya kumkokotea kulungu.

Mashine waliinunua majira ya kuchipua. Mikono ya baba ilikuwa imezidi kutetemeka, lakini mama ndiye aliyechoka: alisema waziwazi kwamba mambo ya punje kwa punje yanamtoa roho. Baba alicheka sana, akaitafutia mwenyewe mahali pasipo na upepo. Hadi leo hawaiamini moja kwa moja. Ikishamimina, mama anahamishia baruti kwenye mizani ya zamani, na baba, kikombe cha kahawa amekishika kwa mikono miwili, anasogeza uso karibu na mshale. Mama anamuuliza kama iko sawa. Baba anasema subiri. Wanasubiri.