Kifungu cha Tisa

Afisa wa ustawi alikuwa na sifa moja, na sifa yenyewe alijipa mwenyewe kabla watu hawajampa: hakuna mtoto aliyemshinda. Arobaini na mmoja aliwatafutia wazazi wa kuwaasili, akawaingiza mahakamani wakiwa watoto wa serikali na kuwatoa wakiwa watoto wa watu. Hata harusini hakai kama mgeni. Anakula huku anapiga hesabu: hawa wana miaka saba hawajabahatika, wale kijana wao kaenda masomoni, nyumba imepoa. Wenzake ofisini walimtania kwamba siku moja ataliasilisha hata lile paka la jikoni.

Sasa alibakiwa na mmoja aliyemkosesha raha, binti wa miaka kumi na saba aliyebakiza siku kumi na tisa kutimiza kumi na minane. Siku hiyo ikishafika, mahakama haina habari naye tena. Anahesabiwa mtu mzima, hata kama hana mtu duniani. Binti huyo aliitwa Wakili, jina la utani alilopewa na mlezi wake, kwa sababu kila akitumwa dukani aliuliza kwanza kama ni zamu yake na nani alipanga zamu. Tangu ana miaka kumi na mmoja aliishi kwa mlezi wa muda, mjane anayeshona sare za shule, ambaye kila mtu, Wakili mwenyewe akiwemo, alimwita Fundi.

Fundi alikuwa mlezi wa kuwekwa kwenye fremu. Hapigi simu kulalamika, hachelewi kliniki, haombi godoro jipya. Ndiyo maana jalada lake lilikaa kabatini mpaka likajaa vumbi. Ofisini mlezi msumbufu ndiye anayejulikana kwa sura. Mzuri wanakumbuka tu kwamba ana vitanda viwili.

Kumtafutia Wakili wazazi kulimtoa Afisa jasho la miaka miwili. Watu walitazama picha wakasema binti mzuri, kisha wakasoma umri wakarudisha picha. Wanataka wa kumfunza wenyewe, huyu ameshakomaa. Ndipo akampata mfamasia mmoja na mkewe, watu wapole, watoto wao wameshaoa na kuhama. Waliandika maombi, tangazo likabandikwa kwenye ubao wa mahakama wiki sita kama sheria inavyotaka, na siku ya kusikilizwa ikapangwa Alhamisi ijayo. Afisa alishaanza kuhesabu arobaini na wawili.

Jumapili Wakili akaenda kuwatembelea mara ya tatu. Akakaa wima kwenye kochi, akanywa chai yao, akaweka kikombe chini.

"Nyumba yenu nzuri, na nyinyi ni watu wema," akasema. "Lakini mimi sitaki. Samahanini kwa usumbufu."

Mke wa mfamasia alilia. Jioni mfamasia alimpigia Afisa kumwambia kwamba hawana kinyongo, ila wanajitoa.

Jumatatu Afisa alifika kwa Fundi akiwa na hasira. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: cherehani mbili, pasi ya mvuke, na rundo la sare za bluu lililopanda hadi dirishani, maana shule zilikaribia kufunguliwa. Wakili alikuwa ametumwa vifungo. Fundi alikuwa na pini mdomoni, akamwonyesha mgeni kiti kwa kidevu.

"Sikai, mama," Afisa akasema. Alimwita mama kama anavyomwita kila mwanamke mtu mzima. Neno halikumgharimu kitu. "Huyu mtoto anachezea bahati. Nimemhangaikia miaka miwili, nimebembeleza watu mpaka aibu, leo ananimwagia unga wangu. Na wewe anakusikiliza. Si ungemwambia?"

Fundi alitoa pini mojamoja, akazichomeka kwenye kifuko.

"Nimwambie nini? Aondoke?"

"Kwani wewe unataka abaki?"

Yalikuwa maneno ya hasira tu. Lakini Fundi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akamtazama usoni kama anayempima.

"Hilo swali umechelewa nalo miaka sita, mwanangu."

"Sikuelewi."

"Si ulinisomea mwenyewe, hapahapa, nilikuwa sina miwani? Kifungu cha tisa. Mlezi wa muda hatamzoesha mtoto kumwita mama, wala hataomba kumwasili. Akifanya hivyo mtoto ataondolewa siku hiyohiyo." Alikisema bila kukwama, kama mtu anayetaja namba ya nyumba yake. "Nikakuogopa. Mtoto alikuja siku ya tatu akaniita mama, nikamwambia niite Fundi, inatosha. Aliniangalia! Sijui kama umewahi kuangaliwa vile na mtoto. Mwaka jana nililazwa sukari ilipopanda, wakamuuliza getini, wewe ni nani yake? Akakosa la kusema, wakamrudisha na uji wangu mkononi. Sasa leo unaniuliza nataka nini."

Afisa alijua asichokijua Fundi. Kile kifungu hakikuwa sheria, hakijawahi kuwa sheria. Kilikuwa kanuni ya ofisi tu, iliyotungwa na wakubwa waliochoka kusuluhisha ugomvi wa walezi na wazazi wa kuasili, na kilishafutwa. Waraka wa kukifuta ulifika miaka minne iliyopita. Aliupokea yeye, akausaini, akautia kwenye kabati la nyuma ya kiti chake. Walezi wapya walisainishwa karatasi mpya. Wale wa zamani alijiambia atawaita wote siku moja, awaeleze, awape na soda. Siku hiyo haikuja, na alijua vizuri kwa nini haikuja. Mlezi akishaasili, vitanda vyake vinatoka kwenye orodha. Vitanda ni vya kutafuta kwa tochi, na Fundi alikuwa na viwili.

Haya yote hakuyasema. Alisema, "Nipe siku mbili, mama," akatoka mbio.

Karani wa mahakama alikuwa anakula karanga juu ya rejesta. Afisa alimweleza huku anahema: Alhamisi ipo, mtoto ni yuleyule, hakimu ni yuleyule, lifutwe jina la mfamasia liandikwe la mshonaji.

"Dada, umelogwa?" karani akauliza. "Mwombaji mpya, maombi mapya, tangazo jipya. Wiki sita."

"Mtoto ana siku kumi na nane."

"Basi ungekuja mapema."

"Nimlilie hakimu?"

"Mlilie. Hata ukijaza ndoo mbili, tangazo ni wiki sita."

Alimlilia hakimu kweli, ofisini kwake, bila haya. Hakimu alimpa karatasi ya kufutia machozi na kusema anasikitika, na ilionekana anasikitika kweli. Akaambulia hilo tu.

Jumatano akarudi dukani akiwa amepiga moyo konde. Wakili alikuwa kwenye cherehani ya pili, anatia mapindo. Afisa aliwasimulia wote wawili. Aliutaja waraka, akalitaja kabati, na mwisho akavitaja hata vitanda, ingawa hakuna aliyemuuliza. Pasi ilikuwa inachemka na kutoa mvuke kwenye kona na hakuna aliyeinuka kuizima.

Wakili hakumtazama Afisa. Alimgeukia Fundi.

"Ulikuwa unataka?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Mimi nikajua hunitaki. Kila siku niite Fundi, niite Fundi. Nikasema basi, huyu ananifuga kwa ajili ya serikali." Akakata uzi kwa meno. "Hawa watu wa dawa niliwaacha waende mpaka mwisho kwa sababu nilikuwa nangoja. Nilisema labda siku ikikaribia utasema neno. Jumamosi usiseme, Jumapili asubuhi usiseme, ukanipigia pasi gauni la kwendea."

"Nilidhani nikisema watakuchukua."

"Ungesema tu, Fundi."

"Ningesema," Fundi akakiri, na machozi yakamtiririka akiyaacha yaende. "Ningesema."

Afisa alianza kueleza kwamba baada ya kumi na minane hakuna wa kumfukuza, anaweza kuendelea kukaa, kwamba mambo ya hospitali na nyumba wanaweza kuandikishana kwa mwanasheria, ingawa ndugu wa marehemu mume wa Fundi wakitaka kusumbua watasumbua. Wakili alimwacha amalize. Kisha akauliza, kwa ile sauti iliyompa jina:

"Wengine wangapi?"

"Wengine gani?"

"Uliowasomea kifungu cha tisa, halafu hukuwarudia."

Afisa alichukua mkoba wake. Alirudi ofisini, akafungua kabati la nyuma ya kiti, akakaa sakafuni na kuyatoa majalada yote ya walezi wa zamani. Thelathini na moja. Katika kumi na saba, mtoto alishavuka kumi na minane.

Akaanza na lililokuwa juu, la mzee mmoja mtengeneza saa. Simu iliita kidogo tu.

"Ah, Afisa. Umeniletea mwingine?"

"Hapana, baba. Nilitaka kukuuliza habari za yule kijana wako."

"Yule? Nilimsindikiza mwenyewe stendi siku aliyotimiza umri. Alikuwa hataki kupanda. Nikamwambia panda, mwanangu, karatasi hairuhusu uwe wangu. Kwani kuna nini?"

Afisa akamweleza habari za ule waraka.  Kisha mzee akamwomba arudie tena, polepole, kwa sababu siku hizi masikio yake si mazuri.