Gari la Milango Miwili

…na kalamu nayo, katika kalamu zote za benki hii, imegoma, kaka yake anaizungusha kwenye pembe ya gazeti alilokuja nalo, mduara, mduara, hakitoki kitu ila mkwaruzo, anaipulizia ncha, anaitikisa, na Sindano ameketi kando yake mikono mapajani kama mwanafunzi aliyeambiwa alete mzazi, tena ndivyo hasa, mwanamke mwenye mvi zake, anayeshona viti vya magari ya watu tangu huyu afisa mikopo hajaota meno, ameambiwa akamlete mtu wa kumsemea… Sindano ni jina la gereji, walimpa mafundi wenzake kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake, zaidi ulimi, ila leo ulimi umefungwa kamba, aliuonya asubuhi akivaa, leo utulie, leo tunakwenda kuomba, na mwombaji hana maringo, haya, umetulia, umetulia mpaka unawasha. "Hakuna haraka, mzee," anasema afisa mikopo, kijana wa tai ya bluu na kola iliyomzidi shingo, "nakutafutia nyingine," lakini hatafuti, simu yake imewaka mezani na yeye anaisoma huku akitabasamu peke yake, feni inazunguka juu, kila ikipita inazipeperusha kidogo karatasi za mkopo, na chini ya ukurasa wa mwisho pana mstari mtupu, sahihi ya mdhamini, mstari mfupi usiotosha hata kushona mfuko wa shati, na gari lake zima limening'inia hapo. Gari lake! Bado si lake, lakini atalikataa vipi moyoni na limeshaingia… Huna historia, mama, alimwambia kijana huyuhuyu siku ile ya kwanza, na yeye alikuwa amekuja kifua mbele, na risiti zake za kodi ya chumba cha kazi, na pesa za kianzio kwenye mkoba, akasema mimi, mwanangu, tangu nizaliwe sijadaiwa na mtu, si dukani, si kwa mwenye nyumba, akangoja apewe pongezi zake, na kijana akamtazama kwa huruma, akasema basi hilo ndilo tatizo, mama, hatuwezi kujua unalipaje madeni kwa kuwa hujawahi kuwa nayo. Ala! Kumbe mwaminifu ni yule anayekopa, asiyekopa ni mtu wa kutiliwa shaka! Marehemu mama angesikia angefufuka, mama aliyewakuza kwa msemo mmoja, kukopa harusi, kulipa matanga, mama aliyekuwa akizunguka nyuma ya duka siku ambazo hana kitu, ili mwenye duka asije akamwita, chukua tu, utalipa, na binti yake akaushika msemo ule kama sala, akanunua kila kitu kwa pesa mkononi, cherehani ya kwanza, kitanda, jeneza la dada yao, ada za watoto wawili alioachiwa na dada yao, hakumwambia mtu nisubiri, na kumbe miaka yote hiyo alikuwa anajifuta, benki ikimtazama haioni mtu, inaona ukuta. Basi lete mdhamini mwenye mshahara, alisema kijana, au uweke mali, ile mashine yako kubwa ya kushonea ngozi ingetosha kabisa, tunakuja kuithamini, ukishindwa kulipa tunaichukua, na Sindano akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, mashine hapana, mashine ndiyo sufuria langu, wee! afadhali mdhamini, na mdhamini ni nani kama si kaka mkubwa, mtu wa idara ya maji, mwenye mshahara na koti la mshahara…

Anakohoa huyo kaka, anaivua miwani, anaifuta kwa pindo la koti, anaivaa tena ili aisome kalamu, eti atasoma nini kwenye kalamu. "Lakini mdogo wangu," anasema bila kumtazama, "hebu tuulizane tena mbele ya afisa, gari la milango miwili, abiria wa nyuma anaingilia wapi?" na afisa anacheka kwa adabu, "Hata mimi nilimshauri mama, angechukua gari la mizigo lililotumika, angebebea viti vyake," na wote wawili wanatikisa vichwa, na Sindano anatabasamu, anatabasamu mpaka mashavu yanauma, viti vyake! Tangu ujana amebeba viti, mgongoni, kwenye toroli, kichwani siku za mvua, maisha yake yote yeye ndiye amebeba viti, sasa anataka kiti kimbebe yeye, kosa liko wapi, na abiria wa nyuma ni nani, hana abiria wa nyuma, watoto wa marehemu dada wamekua, wana kazi zao, wanapiga simu, mama mdogo, kwa nini usinunue kiwanja, mama mdogo, umri wako, mafuta, bima, watu watasemaje, hao ndio aliowabeba nyuma miaka yote na sasa wanamfundisha kuendesha! Na kisa chenyewe kilianza kwa kosa lake mwenyewe, hapo hamsingizii mtu. Viti vilikuja peke yao, ndivyo viti vinavyokuja, dalali wa yadi ya magari hufungua nati akavileta bila gari, fundi hajui hata vimetoka wapi, na kiti cha dereva hupimwa kwa mwenyewe, mwenye gari anakalia sponji, unakata hapa, unaongeza pale, mpaka mgongo wake uridhike, lakini gari la yadi halina mwenyewe, basi akakikalia yeye, akikata, akikalia, akiongeza pale kiunoni panapomuuma kwa kuinama, hakuwaza kitu, mikono tu ilikuwa ikienda, na siku chache baadaye dalali akaja amevimba mashavu, Sindano, umeniharibia biashara, wateja wanakalia wanasema kiti kinawasukuma, mwingine magoti yamegonga usukani, gari zuri vile limenidodea, njoo ulirekebishe. Akaenda na mkasi. Jekundu, limeinama mbele kama paka anayetaka kuruka, rangi imepauka kidogo mlangoni, akafungua, akakaa ili ajue pa kukata, na mgongo wake, huu mgongo ambao hakuna kiti, hakuna kitanda wala mtu aliyewahi kuuuliza unataka nini, ukapokewa. Ukapokewa wote. Akakaa pale na mkasi mkononi, dalali akapenyeza mkono dirishani awashe, alisogeze kivulini, injini ikanguruma, na ngurumo ile haikuingilia masikioni, iliingilia mapajani, ikapanda, akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, acha kilivyo, usikiguse, nitalinunua mimi. Gereji nzima ilicheka mpaka ikachoka. Na wacheke, meno ni yao.

"Nilikuwa pia nafikiri, afisa," kaka yake anasema, na sauti imeteremka, ile sauti yake ya kuuma na kupuliza ambayo Sindano anaijua tangu utotoni, sauti ya nipe nikushikie, "kadi ya gari ingeandikwa jina langu, ee? kwa usalama tu, huyu anakaa peke yake, hana hata geti, gari lingelala kwangu, akilihitaji Jumapili anakuja kulichukua…" na afisa ameshainua macho kwenye simu, "Inawezekana, mzee, tutabadilisha ukurasa mmoja tu," hivihivi, ukurasa mmoja, feni inapita, karatasi zinainuka zinalala, na hakuna aliyemtazama, yuko katikati yao na hayupo. Akilihitaji Jumapili. Yaani alipe yeye kila mwezi, ashone usiku na mchana, halafu siku ya mapumziko aende kwa kaka kubisha hodi, shikamoo kaka, naomba funguo, na wifi aseme lo, mzee ametoka nalo… Subiri, kaka hana ubaya, uambie moyo ukweli, huyu ndiye aliyembeba mabegani siku ya mafuriko, leo ameomba ruhusa kazini, amevaa koti, anaogopa kweli dadake asije akafa barabarani, mapenzi yapo, hakuna anayeyakana, lakini mapenzi gani haya yanayokuja na jina lake mbele! Maji umeyavulia nguo, anajiambia, yaoge, nyamaza, gari ni gari, jina ni wino, nyamaza upate… na angenyamaza, wallahi angenyamaza, kama huyu kijana asingetaka kujipendekeza. "Tena, mzee, nikusifu," anasema afisa akigeuza kioo cha kompyuta kidogo upande wa kaka, "kumbukumbu zako ni safi sana, umekopa mara nyingi na hujachelewesha rejesho hata moja, wateja kama wewe ni wachache," na kaka anakohoa. Anakohoa! Anaitazama kalamu. Anaichora tena miduara. Na Sindano anaiona ile miduara mitupu, na kitu kinapasuka ndani yake taratibu kama mshono unaoachia, kwa maana rejesho lipi hilo ambalo halikuchelewa, la paa la nyumba? La pikipiki iliyoibiwa? La arusi ya binti yake? Kila mwisho wa mwezi nani alikuwa anasimama mlangoni pa chumba cha kazi, kofia mkononi, dada, nimekwama kidogo, usimwambie wifi yako, benki hawana subira, na yeye anaizima mashine, anainua mto wa kiti, anatoa, hasemi, hadai, kwa sababu mama alisema ndugu hakopeshwi, ndugu hupewa, akampa, akampa, na zile pesa zikatoka mkononi mwake zikapitia mfuko wa koti lile zikaingia humu ndani, kwenye kioo hiki, zikageuka kuwa sifa za kaka. Mtume! Ile historia ameshona yeye. Uzi ni wake, sindano ni yake, nguo amevaa mwingine, na sasa amekuja kuiazima hiyo nguo kwa kupiga magoti.

Anataka kucheka. Anakibana kicheko kwa meno, kinatokea puani, afisa anadhani ni chafya, anasema pole, mama, na yeye anasema asante, na hasira inayokuja nyuma ya kicheko si ya kupiga kelele, inakuja imetulia, imevaa viatu, inamuuliza swali moja, wewe unaogopa nini hasa? Naogopa kuweka mashine. Kwa nini? Nikishindwa wataichukua. Lini uliwahi kushindwa? Anatafuta, anatafuta kwa haki kabisa, kila mwezi, kila kodi, kila ada, kila nimekwama kidogo ya kaka, na haupati, hakuna mwezi hata mmoja alioshindwa, alikuwa analipa madeni ya benki hii tangu zamani ila kwa jina la mtu, na je, hayo ya kaka yakikoma leo, yakikoma kabisa, dada sina, nami nina rejesho langu, si ndizo pesa zile zile zitakazolipa gari? Kumbe pesa zipo! Kumbe gari lilikuwepo siku zote, lilikuwa limelala kwa kaka! Na wakiichukua mashine, haya, tuseme waichukue, mikono ilikuwepo kabla ya mashine, ameshona ngozi kwa mkono na nta na vidole vinavyotoka damu, atashona tena, atachekwa na mafundi wote, atatembea kwa miguu, lakini atakuwa ameshindwa kwa jina lake mwenyewe, na hata kushindwa ni mali kukiwa ni kwako. Watu watasemaje? Watasema ana mvi na ana gari la vijana. Ni kweli, anazo. Watasema linanguruma asubuhi linaamsha mtaa. Waamke. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na macho yake anayahitaji kuendeshea, basi hatakufa hata kimoja, mjinga nani huyu… na ulimi huo, unasikia, umeanza kufungua kamba, polepole bibie, kwa adabu, huyu bado ni kaka yako mkubwa.

"Hii hapa," anasema afisa, mwishowe amepata kalamu nyingine kwenye droo, ameifungua, anampa kaka kwa mikono miwili, na kaka anaijaribu gazetini, inaandika vizuri, wino mweusi, anainama, anauvuta ukurasa karibu, miwani inateleza puani, anatafuta mstari kwa kidole, feni inapita, karatasi inainuka, anaibana kwa kiganja.

"Kaka," anasema Sindano, na sauti imetoka kama anamwita mezani kula, "funika kalamu. Mimi na kijana tutaandikiana, dhamana ni mashine yangu." Kaka amekaa vilevile ameinama, kalamu hewani, hajaelewa bado. "Usijali, utapanda. Ila utakaa kiti cha abiria, na mafuta tutachangia."