Mwalimu Asiyekanyaga Tope

Kila tarehe nane ya Aprili, siku ya Waroma, watu ambao wengine huwaita Wajipsi, Mwalimu Zlatica Hudáková alishuka kutoka mjini na mfuko wa peremende, akaingia mtaa wao wa mabanda akielea shubiri moja juu ya tope. Viatu vyake vyeupe vilirudi mjini vikiwa vyeupe vilevile. Hakuna aliyeshangaa. Wagajo, yaani wote wasio Waroma, walikuwa wakielea hivyo tangu zamani. Meya alipokuja kuomba kura alielea hadi usawa wa magoti ya watu, na padri mmoja ilibidi avutwe kanzu ndipo apite mlangoni. Watoto walipima kwa vijiti. Kumwambia mgeni ni utovu wa adabu, kwa hiyo hakuna aliyeambiwa.

Margita Čonková hakuhitaji kijiti. Alikuwa na miaka sitini na mbili, na jicho lake lilipima kama la fundi cherehani. Mwaka huo, kama kila mwaka, alimkaribisha mwalimu ndani, akampa kahawa katika kikombe alichokisugua mara tatu. Mwalimu alikipiga picha, kisha akakishika tu.

"Hunywi, mwalimu?"

"Nitakunywa, Mama Margita. Bado ya moto."

"Ya moto. Haya."

Kilichomkaa Margita rohoni ni Rozália, mjukuu wake wa miaka sita. Wiki mbili nyuma shule ilimpima akili. Walimwonyesha mchoro wa bomba la maji lisilo na koki, wakamuuliza kinakosekana nini. Mtoto akajibu: foleni. Mtaani bomba ni moja, hufunguliwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, na Rozália hakuwahi kuliona bila watu na ndoo zao. Wakamwandika kuwa ana akili pungufu. Septemba angeingia darasa la nyuma, lenye mlango wake uani, ambako watoto wa Kiroma hukaa miaka tisa wakatoka wakijua kufagia. Mwalimu Zlatica alikuwemo chumbani siku ile. Alisikia.

"Ulikuwepo," Margita alisema. "Alhamisi kuna kikao cha wazazi. Simama useme mtoto alijibu sawa."

"Imeniuma sana, Mama. Nimeandika mtandaoni, watu mia tatu wamependa."

Mwalimu akapanda juu zaidi, kiasi cha vidole viwili.

"Hao mia tatu wako kwenye kamati ya shule?"

"Si rahisi hivyo. Mume wangu yuko halmashauri, unajua..."

Vidole vinne. Kichwa chake kikagusa kamba ya nguo, na hapo hasira ikamshinda Margita adabu. "Mwalimu, hebu tazama miguu yako."

Mwalimu akatazama.

"Nilidhani ni viatu vizuri," alisema.

"Sio viatu."

Mwalimu alipoondoka, jirani Etela alichungulia dirishani. "Umemwambia! Harudi huyo. Na peremende ndiyo basi."

"Asirudi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu anakuja mwaka wa saba, nani kapona?"

Alhamisi alasiri Margita alikaa nyuma kabisa ya ukumbi wa shule, mikono kaikunja. Alikuja kusikiliza uongo. Mwalimu Zlatica akasimama. Huko kwao kila mgajo hukanyaga sakafu, kwa hiyo miguu haikumweleza Margita chochote, ikabidi asikilize maneno. Mwalimu alisema mtoto alijibu kile anachokiona kila siku. Akasema yeye alinyamaza, na haikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa chumba kile cha kupimia watoto akinyamaza, na wengine aliowanyamazia ni kumi na mmoja. Akawataja kwa majina.

La tatu lilikuwa Irena Čonková. Margita akakunjua mikono. Irena ni binti yake, mama yake Rozália, anayefagia stesheni.

"Kama unawapenda hivyo, kahamie kwao!" mzazi mmoja alipiga kelele, na wengine wakamshangilia. Mumewe mwalimu alitoka nje akawasha gari, akaenda zake peke yake. Kamati ikapiga kura palepale kuhusu Rozália. Haikubadilisha kitu.

Kesho yake mwalimu alishuka mtaani bila mfuko wa peremende. Kwenye banda la kwanza alizama hadi kwenye vifundo. Kwenye banda la tatu tope lilimla kiatu. Etela alicheka mpaka akashika ukuta.

"Pole, mwalimu! Ndiyo ardhi hiyo, umeikuta!"

Margita alisimama mlangoni mwake na hakumpokea mkono.

"Miaka yote saba unakunywa... hata hunywi, unashika kahawa yangu. Na Irena ulikuwa unamjua."

"Nilikuwa namjua."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Nitakuja kila jioni kumfundisha Rozália, Mama, kama utaniruhusu."

"Mimi sio wa kuombwa. Mwenye mtoto yuko mlango wa pili."

Mwalimu akang'oa mguu mmoja, kisha wa pili, akaenda kugonga. Irena alifungua akiwa bado na koti la kazi. Hakumtazama miguu. Alimpa bahasha iliyofika kutoka shuleni asubuhi ile, akamwambia amsomee, kwa kuwa yeye kusoma hajui.

Mwalimu alifuta tope mikononi, akaisoma kwa sauti: Rozália Čonková, darasa la nyuma, tarehe mbili Septemba, aingilie mlango wa uani.